Upepo Hauna Bili

Anayetaka kuijua historia ya Dar es Salaam na aanze kwa kuangalia madirisha. Tumeandikiwa mengi juu ya magavana, vita na vyama vya siasa, nami nimeyafundisha hayo kwa miaka mingi. Lakini yapo mambo ambayo majengo huyasema yenyewe, na mojawapo ni jinsi watu wa kila zama walivyojikinga na joto. Katika mji huu joto ni mwenyeji. Huingia ofisini kabla ya mtumishi, na mtumishi akiondoka hulikuta nje likimsubiri. Serikali zote zilizotawala hapa, ya Sultani, ya Wajerumani, ya Waingereza na yetu wenyewe, zililazimika kutafuta dawa ya joto hilo. Kila moja ilikuwa na dawa yake, na tofauti ya dawa hizo leo tunaisoma katika bili ya umeme.

Nia yangu katika kurasa hizi chache ni kufuata habari hiyo kuanzia Boma la Kale mpaka soko la Kariakoo, kisha mpaka ofisi za halmashauri za siku zetu. Nimechagua majengo ya serikali za mitaa kwa sababu moja. Nyumbani kwangu nikiacha taa inawaka mchana, nalipa mimi. Ofisi ya halmashauri ikiacha taa inawaka mchana, analipa mama muuza mchicha, naye hajui kwamba analipa.

Tuanze na wakati ambapo umeme haukuwapo kabisa. Boma la Kale, lililo kando ya Barabara ya Sokoine, lilijengwa katika miaka ya 1860, zama za Sultani Majid wa Zanzibar. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mtu kukaa dirishani kama barazani. Dari yake imeshikwa na boriti za mikoko. Ukuta mnene hupokea joto la jua polepole, hata linapofika ndani jua lenyewe linakaribia kuchwa. Wajerumani nao, walipojenga ofisi zao za Kivukoni katika miaka ya 1890, walizizungushia varanda pana ili jua lisiguse ukuta wa chumba, wakainua dari juu ili hewa ya moto ipande na kuwaacha watu chini. Hawakufanya hivyo kwa upole. Hawakuwa na njia nyingine.

Hali kadhalika wenyeji walikuwa na elimu yao. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na ua nyuma. Mlango wa mbele na wa uani ikifunguliwa, upepo ulipita moja kwa moja kama mgeni asiyetaka kukaa. Watu wa pwani waliujua upepo kwa majina na kwa miezi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi huchukua zamu yake. Nahodha aliuhitaji ili asafiri, na fundi wa nyumba aliuhitaji ili watu walale.

Lakini hata upepo uligawanywa kwa rangi ya mtu. Waingereza waliuteka mji huu Septemba 1916, na kambi ya wapagazi wao wa vita, waliojulikana kwa jina la Carrier Corps, ikawekwa katika eneo ambalo ndimi zetu zililigeuza kuwa Kariakoo. Katika miaka ya 1920 mji uligawanywa katika kanda tatu: ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuitenga Kariakoo na Uhindini. Mzungu alipewa ufukwe, ambako upepo wa bahari hufika kwanza. Mwafrika alipewa bara kidogo, upepo umfikie ukiwa umechoka.

Umeme nao ulifuata njia hiyohiyo. Ulianza hapa Dar es Salaam mwaka 1908, chini ya Wajerumani, ukihudumia karakana ya reli na sehemu ya mji waliyoishi wakoloni. Mwaka 1931 huduma hiyo ilikabidhiwa kampuni binafsi mbili, TANESCO na DARESCO. Baada ya Uhuru, mwaka 1964, Serikali ilianza kununua hisa zake, na mwaka 1968 likabaki jina moja tulilolizoea, TANESCO. Kwa hiyo ofisi za umma zilizojengwa kabla ya hapo, na hata muda mfupi baadaye, zilijengwa na watu waliojua kwamba umeme ni wa taa na pangaboi. Kupoza chumba ilikuwa kazi ya ukuta, kivuli na dirisha.

Jambo hili sisi walimu tulilijua kwa namna yetu. Chuoni tulifundishwa kwamba nuru ya darasa itoke mkono wa kushoto wa mwanafunzi, ili kivuli cha mkono kisifunike anachoandika, na kwamba chumba kiwe na madirisha pande mbili, hewa iingie huku itokee kule. Shule za msingi, ambazo ni mali ya halmashauri, zilijengwa hivyo nchi nzima. Watoto arobaini na zaidi walikaa humo mchana kutwa bila hata taa moja. Hakuna aliyeita jambo hilo matumizi bora ya nishati. Tuliliita darasa.

Sasa tufike Kariakoo sokoni, ambako ndiko fikra hiyo ilipofikia kilele chake. Soko la zamani lilikuwa katika banda lililoachwa na Wajerumani. Mji ulipokua, likatakiwa jipya, na kazi ya kulichora akapewa Beda Amuli, Mtanzania, ambaye mwaka 1969 alifungua ofisi yake mwenyewe ya usanifu majengo, akiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kabisa kufanya hivyo katika Afrika Mashariki. Ujenzi ulifanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda shirika la kuliendesha soko, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akalifungua.

Aliyewahi kusimama chini ya paa lile hawezi kulisahau. Ni miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake kama mti. Nilipokuwa na wanafunzi wangu pale niliwauliza: mvua ikinyesha, maji ya paa hili yanakwenda wapi? Wakatafuta mifereji pembezoni, hawakuiona. Maji hukusanyika katikati ya kila mwavuli, hushuka kupitia ndani ya nguzo na kwenda kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi. Nikawauliza tena: mbona kuna watu wengi kiasi hiki, na samaki, na vitunguu, lakini tunapumua? Kwa sababu miavuli ile imeinuliwa juu, na nafasi zilizoachwa huruhusu hewa ya moto itoke na nuru iingie. Chini kulikuwa na ghorofa ya ardhini ambayo watu waliiita shimoni, lakini eneo kubwa la biashara lilitumia mwanga wa Mungu na upepo wa Mungu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Mwaka huohuo wa 1975 bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme. Yaani taifa lilipata umeme mwingi kuliko lilivyowahi kuwa nao katika mwaka uleule lilipofungua jengo la umma lisilouhitaji sana. Mimi naona huo ndio ulikuwa wakati wetu wa busara. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda vibaya tangu 1973, fedha za kigeni zilikuwa haba, na kila mtu alijua kwamba nishati ni mali. Wakubwa wenzangu watakumbuka jinsi magari binafsi yalivyokatazwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Hatukuipenda amri ile, lakini ilitukumbusha kila wiki kwamba petroli hainunuliwi kwa maneno.

Busara hiyo ilipoteaje? Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Mtu aliyebuni mashine ya kwanza ya kisasa ya kupoza hewa, mwaka 1902, kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, aliitwa Willis Carrier. Jina lake na la wale wapagazi waliotupa Kariakoo ni neno lilelile la Kiingereza, lenye maana ya mchukuzi. Wapagazi wetu walibeba mizigo ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wazungu. Mashine ya bwana yule nayo hubeba: hulitoa joto chumbani na kulimwaga dirishani, juu ya anayepita nje. Upagazi huo una ujira, na ujira wake ni umeme.

Viyoyozi vilipoanza kuwa vya kawaida maofisini, kuanzia miaka ya 1980 mwishoni na hasa 1990, majengo ya zamani yalianza kukatwakatwa. Vioo vya vipande vilivyofunguka kama kurasa za kitabu viliondolewa, vikawekwa vioo vizima visivyofunguka. Varanda zikazibwa kwa mbao zikawa vyumba. Miti iliyotia kivuli ukutani ikakatwa ili magari yapate maegesho. Majengo mapya yakaja na kuta za vioo, kana kwamba tunaishi kwenye nchi ya theluji na tunataka kulinasa jua. Jua halihitaji kunaswa hapa, lenyewe linatutafuta.

Wakati ofisi zikijifunga hivyo, umeme wenyewe ulianza kuadimika. Mwaka 1992, kisha 1994, maji ya mabwawa yalipungua na mgao wa umeme ukaingia. Ulirudi kwa ukali mwaka 2006, na tena 2011. Mitaa ya Kariakoo, Msimbazi, Congo, Uhuru na Mkunguni, ikajaa ngurumo za jenereta, na usiku akina mama wauza samaki wakarudia koroboi zao. Katika moja ya migao hiyo nilikuwa katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, nikifuatilia hati. Umeme ulipokatika, dakika kumi hazikupita watumishi wote wakatoka nje na mafaili yao, wakakaa chini ya mkungu. Madirisha hayakuwa yakifunguka. Kazi ya wananchi siku ile ilifanywa na mti, nao ulikuwa umepandwa na watu ambao hawakuwa na umeme.

Ni katika miaka hiyohiyo ya 1990 tulipoletewa Luku, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Watu walinung'unika, lakini Luku ilitufundisha kitu ambacho hotuba hazikuweza. Mtoto aliyeacha taa ya chooni ikiwaka aliona namba za mita zikishuka. Nyumba nzima ikajua pasi inakula kiasi gani na jiko linakula kiasi gani. Ofisi za umma hazikupata somo hilo kwa namna hiyo. Bili ilikuja kwa mhasibu, ikaingia kwenye faili, na mara nyingi ikabaki humo. Madeni ya taasisi za umma kwa TANESCO yalifikia kiasi kwamba Machi 2017 Rais Magufuli aliagiza wadaiwa wote wakatiwe umeme, wa serikali wakiwamo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Halmashauri za mji huu zimekosa daftari kwa sababu zenyewe hazikudumu. Mamlaka za miji zilifutwa mwaka 1974 na kurudishwa 1978. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa mwaka 1996, ikaja Tume ya Jiji. Mwaka 2000 zikazaliwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, na mwaka 2016 zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Kila mwenye nyumba mpya alirithi meza, madeni na viyoyozi, akaongeza vyake. Nani angekaa chini kulinganisha bili ya mwaka huu na ya miaka kumi iliyopita, ikiwa hata jina la mlipaji limebadilika?

Sasa turudi darasani kidogo. Kiyoyozi cha chumba cha kawaida, tukadirie, huvuta kilowati moja. Kikiwashwa saa nane kwa siku, siku 22 za kazi, hutumia uniti 176 kwa mwezi. Wengi wetu tumezoea kupata uniti kama 28 kwa shilingi 10,000. Kwa bei hiyo kiyoyozi kimoja hula karibu shilingi 63,000 kwa mwezi. Ofisi ya vyumba ishirini hula zaidi ya 1,250,000, na kwa mwaka zaidi ya 15,000,000. Tuseme mama wa sokoni hulipa ushuru wa shilingi 500 kwa siku, siku 26 kila mwezi. Kwa mwaka amelipa 156,000. Gawanya mwenyewe, msomaji: akina mama karibu 97 wamelipa ushuru mwaka mzima ili vyumba ishirini vipoe. Na hapo hatujahesabu taa, wala kompyuta, wala kiyoyozi kilichoachwa kikiunguruma wakati mwenye ofisi yuko safarini Dodoma. Pangaboi, kwa kulinganisha, huvuta wati 75 hivi. Kwa umeme wa kiyoyozi kimoja unazungusha mapangaboi kumi na matatu.

Najua nitajibiwa, na majibu hayo yana haki yake. Nitaambiwa kwamba mji umejaa kuliko ulivyokuwa. Kwamba ghorofa za Kariakoo zimeziba upepo ambao nyumba za Kiswahili ziliuacha upite. Kwamba ukifungua dirisha mtaa wa Msimbazi huingia vumbi, kelele na moshi. Kwamba mashine za kutunzia kumbukumbu haziwezi kuachwa kwenye joto. Ni kweli. Wala siwaombei watumishi wa umma mateso. Karani anayetokwa jasho juu ya hati yangu hanisaidii. Tena tangu mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeanza kutoa umeme, na wapo wanaosema kwamba sasa tunao wa kutosha, kubana kwa nini?

Jibu langu ni kwamba wingi wa umeme haupunguzi bili. Bwawa linaweza kujaa na akina mama 97 wakabaki 97. Zaidi ya hapo, yapo mambo yasiyohitaji mateso wala fedha nyingi, na wengine wameyafanya. Mwaka 2005 serikali ya Japani iliwataka watumishi wake wavue koti na tai majira ya joto, na viyoyozi vya maofisini viwekwe nyuzi 28. Sisi tulikuwa na suti ya Kaunda, mikono mifupi na shingo wazi, miaka thelathini kabla yao. Tukaiacha tukavaa koti, kisha tukanunua mashine ya kulipoza koti. Harare, Zimbabwe, mwaka 1996 lilifunguliwa jengo la Eastgate, ambalo hupozwa kwa kupitisha hewa katika njia maalumu zilizojengwa ndani yake, mfano wa kichuguu cha mchwa. Ni la maduka na ofisi, na ni kubwa. Haiwezekani kwamba mchwa wa Zimbabwe wana akili kuliko wa Pugu.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko la Kariakoo liliungua. Baada ya moto Serikali iliamua kulikarabati na kujenga jengo jingine kubwa pembeni yake. Mimi habari ile iliniuma kama msiba wa mtu ninayemjua. Lakini pia ilinipa swali ambalo nawaachia madiwani na wahandisi wao. Ghorofa jipya la umma linapochorwa, huulizwa gharama ya kulijenga. Je, huulizwa pia gharama ya kuliwashia taa na kulipoza kwa miaka hamsini? Amuli aliuliza swali hilo kwa penseli, na paa lake likamjibu.

Mwaka huohuo wa 2021 lilitokea jambo jingine. Kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia Luku: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na baadaye, mwaka 2023, ikapanda kuwa 1,500. Hivyo mwananchi wa mji huu akinunua umeme wake anachangia papo hapo mfuko wa umma. Yeye hukatwa kabla hajawasha taa. Naona ni haki naye aone upande wa pili.

Ombi langu si kubwa. Ofisi za mitaa na kata zina mbao za matangazo, na juu yake hubandikwa mapato na matumizi. Halmashauri ibandike hapo, kila mwezi, karatasi moja ya nyongeza yenye mistari mitatu: uniti zilizotumika katika jengo hili, fedha zilizolipwa, na uniti za mwezi kama huu mwaka jana. Isomwe pia katika baraza la madiwani, kwa sauti, kabla ya posho. Taa za zamani za wati 60 zibadilishwe kwa zile za wati tisa au kumi. Madirisha yaliyopigiliwa misumari yafunguliwe, na mahali palipokatwa mti upandwe mwingine. Mkungu haukawii kukua, na kivuli chake hakisubiri bajeti.

Karatasi hiyo ikibandikwa, mimi nitakwenda kuisoma, na nitamsomea mama muuza mchicha ikiwa miwani yake ameisahau nyumbani. Nina hakika hesabu ataijua kabla sijamaliza.